Haki ya Kukataa Bei: Kahawa na Ugomvi wa Ubepari Kilimanjaro

Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walivamia maghala ya chama chao wenyewe. Ghasia zilizuka sehemu kadhaa za mlima, baadhi ya maghala yakabomolewa, serikali ya Mwingereza ikatuma polisi. Chama kilichovamiwa ni KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima Waafrika ulioandikishwa mwaka 1933, ule ule ambao kizazi changu kilifundishwa kuuona kuwa fahari ya ushirika Afrika nzima.

Nimefundisha biashara na utunzaji wa hesabu sekondari karibu maisha yangu yote ya kazi. Kila nilipofika kwenye somo la mifumo ya uchumi, ubepari ubavu huu wa ubao na ujamaa ubavu ule, nilianza na ghasia za 1937. Nilitaka wanafunzi wangu waone kwamba watu wa mlimani waligombana juu ya mali, soko na haki miaka mingi kabla ya Azimio la Arusha la ujamaa, na kwamba hoja zao hazikukaa sawasawa upande wowote wa ubao. Walikataa kuzuiwa na walowezi wasilime kahawa, kisha wakakataa kulazimishwa na chama waiuze kwake. Nikisoma historia hii tangu mwanzo, naona mkulima akidai mambo mawili yale yale katika kila zama: awe na uwezo wa kukataa bei, na awe na haki ya kuuliza hesabu.

Kahawa ilifika kwetu Kilema mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mibuni ya arabika ilipata nyumba tayari. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, mwenyeji wa mlima, kilikuwa na migomba iliyotoa kivuli, mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu, na samadi ya ng'ombe waliofugwa zizini. Mkulima hakuhitaji kufyeka pori wala kuacha kupanda chakula. Alichomeka mibuni chini ya migomba, basi. Kihamba kilikuwa cha ukoo, baba akimwachia mwana, na aliyekiuza alionekana kama aliyeuza makaburi ya wazee wake. Zao la soko la dunia likaota mizizi katika ardhi ambayo yenyewe haikuwa bidhaa. Nadhani hapo ndipo ulipoanzia ugumu wa kumweka mkulima wa Kilimanjaro katika kundi moja la uchumi. Kahawa yake alitaka iuzwe kwa bei ya juu kabisa, lakini udongo ulioizaa hakutaka uuzwe kwa bei yoyote.

Walowezi walikuwa na mashamba makubwa kwenye tambarare ya mlima, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliona Waafrika wakiongeza mibuni mwaka hadi mwaka. Wakaishinikiza serikali izuie. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa ya mibuni na kwamba wizi wa kahawa ungezidi. Nyuma ya hoja hizo lilikuwepo suala la vibarua: mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hana sababu ya kwenda kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Nchini Kenya walowezi walifanikiwa, na kwa miaka mingi Mwafrika alinyimwa ruhusa ya kulima arabika. Mlango ulianza kufunguliwa kidogo kidogo miaka ya 1930, ukapanuka hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Moshi mambo yalikwenda tofauti, kwa sehemu kwa sababu mkuu wa serikali hapo, Charles Dundas, aliwahimiza wakulima, na kwa sehemu kubwa zaidi kwa sababu wakulima walijipanga. Mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Chama kilinunua dawa na zana, kikapambana na wadudu, kikauza kahawa ya wanachama kwa pamoja na kuwasemea mbele ya serikali.

Watu wale walitaka kuingia sokoni, na waliokuwa wakiwafungia mlango ni wale waliokuja kwa jina la biashara huru. Walitumia umoja wao kuupata uhuru wa kila mmoja kuuza. Anayesema ushirika ni adui wa soko aanzie hapo.

Kisha ikaja anguko la uchumi la 1929. Bei ya kahawa ikaporomoka, KNPA ikaelemewa na madeni na malalamiko juu ya fedha, serikali ikaingilia. Sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa 1932, na mwaka uliofuata KNCU ikachukua nafasi ya KNPA, ikiwa na meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett. Baadaye ikaamriwa kwamba kahawa yote ya Mwafrika mlimani iuzwe kupitia KNCU. Hapo ndipo palipowaka moto.

Serikali na viongozi wa chama walikuwa na hoja nzito. Mkulima mmoja mwenye magunia mawili hana sauti mbele ya mnunuzi. Wakulima maelfu wenye kahawa yote ya mlima wana sauti. Anayechepuka na kumuuzia mchuuzi kwa senti chache za ziada leo, anamshusha jirani yake kesho. Waliovamia maghala nao walikuwa na hoja nzito: mbuni wameupanda wenyewe, jasho ni lao, bei imeanguka, makato hayaeleweki, na hawaruhusiwi kwenda kwingine. Chama walichokiunda ili wapate mlango kikageuka kuwa mlango pekee, na ufunguo ukawa ofisini.

Bei zilipopanda baada ya Vita vya Pili, hasira ilipoa. Miaka ya 1950 ndiyo waliyoizungumzia wazee wetu huku wakilamba midomo. KNCU ilijenga jengo lake kubwa Moshi mjini, lenye ofisi na hoteli. Nyumba za mabati zikachomoza kihambani, ada za shule zikalipwa, na mlima ukatoa walimu, makarani na madaktari kwa wingi uliowashangaza watu wa sehemu nyingine za Tanganyika. Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa Moshi mwaka 1963, hakuna aliyeuliza kwa nini kiwe hapo.

Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea chakula siku za kupokea kahawa, nikawa naketi juu ya magunia kumtazama. Mkulima alifika na kahawa iliyokwisha kumenywa kwa mashine ya mkono, ikavundikwa, ikaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja hadi ikakauka ndani ya ganda lake jembamba. Baba alitia mkono guniani hadi kiwiko, akatoa punje kutoka chini, akaiweka katikati ya meno kuisikiliza kama imekauka. Kisha gunia likapandishwa. Mizani ilikuwa na uso wa duara, na baba alikuwa na desturi ya kuugeuza umwelekee mwenye kahawa kabla hajausoma mwenyewe.

"Soma wewe kwanza, mzee," alimwambia.

Wazee wasiojua kusoma walimwita mtoto wa jirani awasomee. Baba alisubiri, akaandika daftarini, akakata stakabadhi. Usiku mmoja nilimuuliza kwa nini anapoteza muda hivyo wakati foleni imefika barabarani. Akanijibu, "Mwanangu, hawa watangoja malipo ya pili miezi mingi. Wakiondoka na shaka leo, shaka hiyo nayo itangoja nao."

Utaratibu ule ulihitaji imani kubwa. Mkulima alipewa malipo ya awali, kahawa ikashuka Moshi kukobolewa na kupangwa kwa madaraja, ikauzwa mnadani, kisha chama kikatoa gharama zake na kugawa kilichobaki kama malipo ya pili, na mwaka mwema ya tatu. Ushirika wote ulikaa katika kipindi hicho cha kungoja, baina ya stakabadhi na fedha. Daftari likiwa wazi, mkulima anaweza kungoja hata nusu mwaka. Likifungwa, hata wiki mbili ni nyingi.

Lakini daftari lile la baba, lililoandikwa kwa haki, halikuwa na jina la mama. Mwanachama alikuwa mwenye kihamba, na mwenye kihamba alikuwa mwanamume. Kilo moja ya kahawa kavu hutokana na kilo tano au sita za matunda mabichi, na matunda hayo yalichumwa moja moja, mekundu tu, na mama, shangazi zangu na sisi watoto. Mama ndiye aliyemwagilia, aliyebeba samadi, aliyegeuza kahawa kwenye kichanja na kuikimbiza ndani mawingu yalipofunga. Kwa mila yetu kahawa ilikuwa ya baba, na ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Kilichomfikia kutoka kwenye kahawa ni punje zilizoanguka chini ya mibuni, alizoziokota, akazianika na maganda yake na kuwauzia wachuuzi kama buni, apate chumvi na mafuta ya taa. Walioutetea ushirika kwa jina la usawa hawakuiona kazi hiyo. Waliolitetea soko kwa jina la kila mtu kulipwa jasho lake hawakuiona pia.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, baraza la nyumba yetu liligawanyika. Mwalimu Nyerere, rais wetu, alikuwa na hoja ya kimaadili ambayo hadi leo siwezi kuipuuza. Tangu 1958, katika kijitabu cha Mali ya Taifa, alikuwa ameonya kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa ya kuuzwa huru, wachache wenye fedha wataimaliza na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Azimio likaongeza kwamba kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Babu yangu mzaa mama, aliyekataa maisha yake yote kuuza hata pembe ya kihamba, alimwelewa Mwalimu mara moja katika habari ya ardhi. Mjomba wangu, aliyekuwa na duka na gari la kubeba mizigo, alisikia jambo jingine: kwamba kujituma kwake kumeitwa unyonyaji. Alikuwa ameanza kwa kuuza vitunguu sokoni Kiboriloni, na hakuna mtu aliyemwonyesha ni nani aliyenyonywa naye.

Wachaga tulipewa sifa ya ubepari nchi nzima. Sifa hiyo haikueleza vizuri maisha ya mlimani. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, ulikuwepo, kuchangiana ada kulikuwepo, na mwenye ng'ombe wengi alimkopesha jirani ng'ombe wa kumtunza, wagawane maziwa na samadi. Kushindana na kusaidiana vilikaa ndani ya boma moja.

Mwaka 1973 mashamba mengi ya kahawa ya walowezi yalitaifishwa na kukabidhiwa vyama vya ushirika, na wengi walishangilia, maana sehemu ya ardhi ile ilikuwa ya babu zao. Miaka mitatu baadaye, Mei 1976, serikali hiyo hiyo ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo. Kijiji kikawa ndicho chama, na mamlaka ya serikali ikawa ndiyo mnunuzi. Ilitokea wakati mbaya kuliko yote. Baridi kali ya Julai 1975 ilikuwa imeua mibuni ya Brazili, na kufikia 1977 bei ya dunia ilikuwa juu kuliko wazee walivyowahi kuiona. Sehemu kubwa ya neema hiyo ilimezwa na kodi na gharama za mamlaka kabla ya kupanda mlimani. Baba aliendelea kushika mizani, sasa ya kijiji, lakini alipoulizwa bei ya mnadani hakuwa na pa kuisoma. Miaka michache baadaye Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvivunja vyama vya ushirika kulikuwa kosa, na namheshimu kwa hilo. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982 na kuanza upya 1984, lakini vilirudi vikiwa vimepoteza watu, mitaji na zaidi ya yote mazoea ya kuulizana hesabu.

Ugomvi huu wa soko na serikali ulifika hadi Baraza la Mawaziri. Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwishoni mwa 1979 baada ya kutofautiana na Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mtei aliona uchumi hauwezi kuendelea na bei za kupangwa na mashirika ya umma yenye hasara. Nyerere aliona masharti yale yangemwumiza mnyonge na kuifanya nchi iamuliwe na wengine. Mtei alikwenda kulima kahawa Arusha, na mwaka 1992 alikuwa mwanzilishi wa chama cha siasa cha Chadema. Nimewasoma wote wawili kwa makini, na naamini kila mmoja alimwogopa mtu asiyeulizwa hesabu: Mtei alimwogopa ndani ya serikali, Nyerere alimwogopa katika benki za ng'ambo.

Masharti ya Shirika hilo la Fedha yalikubaliwa 1986. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa, uliokuwa ukizuia bei isianguke sana, ulivunjika. Na msimu wa 1994/95 kampuni binafsi ziliruhusiwa kununua kahawa moja kwa moja kwa mkulima. Nilikuwa likizo nyumbani magari yao yalipoanza kupanda mlima. Walisimama njia panda, wakapima, wakalipa taslimu papo hapo. Mjomba, sasa mzee, aliuza kwao magunia yote.

"Na chama je, mjomba?" nilimuuliza.

"Mwalimu, chama bado kina deni langu la msimu wa juzi. Mtoto anarudishwa nyumbani Jumatatu kwa ada. Nimwambie angoje malipo ya pili?"

Sikuwa na la kumjibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na wanunuzi wawili, na angeweza kumkataa mmoja. Hiyo ni haki, na anayemlaumu kwa kusaliti umoja hana budi kwanza kueleza deni lake lilikwenda wapi.

Soko huria nalo lilitoa hesabu yake. Vietnamu ilikuwa imepanda kahawa kwa kasi hadi ikawa mzalishaji wa pili duniani baada ya Brazili, na mwaka 2001 na 2002 bei ikashuka kuliko ilivyowahi kushuka kwa miongo kadhaa. Magari yakaacha kuja, au yalikuja na bei isiyolipia hata dawa. Watu waling'oa mibuni, wakapanda nyanya, mahindi na migomba zaidi. Katika nyumba nyingi fedha ya wiki ikaanza kutoka kwenye mikungu ya ndizi, yaani mikononi mwa akina mama. Mama yangu, ambaye kahawa haikumwandika popote, ndiye aliyelipa ada za wajukuu miaka hiyo.

Kule Kagera, wenzetu wa kahawa wanajua vizuri udhaifu wa uhuru usio na akiba. Wana biashara iitwayo butura: mkulima mwenye shida humuuzia mwenye fedha kahawa ikingali maua mtini, kwa bei ndogo sana, kisha hutunza shamba na kuvuna kwa faida ya mwingine. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na haijaisha. Mkulima wa butura hajashikiwa panga. Amekubali. Lakini mtoto akiwa hospitalini hana namna ya kukataa, na makubaliano ya mtu asiyeweza kukataa hayafai kuitwa biashara huru. Hapo Nyerere alikuwa sahihi.

Majibu yaliyofuata yalitafuta njia ya kati. KNCU iliuza sehemu ya kahawa yake Ulaya katika soko la biashara ya haki, mnunuzi akihakikisha bei ya chini na kuongeza fedha za maendeleo ya wanachama. Vyama vya msingi vipatavyo 32 vilijitenga na KNCU mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikaunda umoja wao na kupeleka kahawa mnadani wenyewe. Kisha mwaka 2018 serikali ikaamuru kahawa yote ipite tena kwenye vyama vya msingi, vinavyoitwa sasa AMCOS, na wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini. Sababu zilizotolewa zilifanana sana na za miaka ya 1930: umoja, bei nzuri, kuwazuia walanguzi. Manung'uniko niliyoyasikia mlimani yalifanana pia.

Mimi ni binti wa ushirika na ninauamini. Nimeona mkulima mmoja mmoja anavyozidiwa na mnunuzi mwenye simu, bei ya New York na muda wa kungoja. Lakini ushirika wa amri hauna sababu ya kuwa mwema, kwa kuwa wanachama wake hawana pa kwenda. Chama kiruhusiwe kushindana, na kishinde kwa kulipa mapema na kusoma hesabu mbele ya watu. Serikali isimamie mizani na mikataba, iwe kali kwa wanaokopesha kwa butura, na ivisaidie vyama kuwa na mifuko ya dharura ili mtu mwenye mgonjwa asilazimike kuuza maua. Na kila AMCOS iandike katika daftari lake wanawake wanaochuma, kwa majina yao kamili, wawe wanachama wenye kura na malipo. Wajukuu wa mama yangu wanamiliki mibuni leo, wasichana kwa wavulana, kwa kuwa mdogo wangu aligawa kihamba hivyo huku baadhi ya wazee wa ukoo wakipinga. Wasichana hao wanahudhuria mikutano ya chama, na msimu uliopita mmoja wao alisimama akataka taarifa ya makato isomwe upya, mstari kwa mstari. Ilisomwa.